Bunduki ya Sofia na Mabega ya Makuli

Kwa Mzee Ubeid, Dukani,
Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.

Jumapili, 22 Agosti 1976.

Mpendwa dada yangu Paskalina,

Shikamoo dada. Salamu zangu nyingi zivuke Rufiji zikukute mzima, wewe na shemeji Benjamini, na mama, na watoto wote uliobaki nao nyumbani. Goti la mama linaendeleaje? Baridi ya miezi hii huwa inamsumbua. Shemeji je, kile kikohozi kimekwisha au bado wanabishana? Na nyumba yenu mpya huko kijijini, mmeshaiezeka au bado mnalala mkiangalia nyota? Nijibu yote, usiruke hata moja. Barua iliyopita uliruka habari za mama, nikakaa na wasiwasi mpaka nikapoteza hamu ya kula.

Sisi huku hatujambo. Mimi ni mzima ila nimechoka. Tangu soko jipya lifunguliwe, magunia ya viazi na vitunguu tunayashusha kwa ngazi mpaka chini kabisa, mahali watu wamepaita shimoni, na ngazi zile hazina huruma na magoti. Wifi yako Anaeli hajambo, anakusalimu, ila siku hizi makao yake ni kwenye foleni. Leo sukari, kesho sabuni, keshokutwa anapanga foleni kwanza ndipo anauliza wanauza nini.

Sasa dada, kabla sijaendelea, shika neno hili moja. Sofia mwanao ni mzima, na macho yake yote mawili yanaona. Ninavyoandika yuko hapa barazani kwa Mzee Ubeid, amekaa karibu yangu, ananitia haraka nimpe kalamu. Kama utasikia maneno mengine kutoka kwa mtu yeyote, na hasa kutoka kwa Shomari, usiyaamini.

Nimetanguliza hilo kwa sababu Shomari yuko njiani kuja huko. Unamfahamu Shomari, yule Myao wa kijiji cha jirani na chenu, mtani wetu, tunayebeba naye mizigo na kupanga naye nyumba moja. Aliondoka juzi Ijumaa kwa lori la Kilwa, na kwanza atakaa kwa wakwe zake huko. Barua hii nampa Severine, dereva wa lori la saruji, anayekuja moja kwa moja mpaka Nachingwea. Kwa hiyo kivuko kisipoharibika, maneno yangu yatafika kabla ya ya Shomari. Naomba Mungu iwe hivyo, maana najua anakuja na habari gani mdomoni.

Unakumbuka nilikuandikia habari ya bunduki. Mzee Ubeid mwenye nyumba yetu ana mwana baharia, jina lake Abdulla, ambaye safari hii alirudi na bunduki ya kuchezea kutoka Arabuni. Mzee akampa Sofia. Mtoto anamsomea gazeti kila jioni, kwa kuwa macho ya mzee yameingia ukungu, na yeye alikuwa anatafuta zawadi ya kumshukuru. Na Sofia mwenyewe tangu awaone wale akina dada wa mgambo wakipita kwenye gwaride la Saba Saba, mikono inakwenda pamoja, miguu inakwenda pamoja, hana mazungumzo mengine ila bunduki. Ilipotua mikononi mwake alilia kwa furaha.

Ni ya bati na mbao, nyepesi, lakini kwa mbali ungesema ni ya kweli. Unavuta kitu fulani nyuma, ndani kuna springi, halafu unafyatua inatoka punje ya plastiki ngumu, nyeupe, kama punje ya kunde. Mimi niliichukua siku ileile nikaiweka juu ya kabati, nikamwambia Sofia asubiri niwaulize wazazi wake. Alinuna, lakini alisubiri.

Ndipo ukanijibu. Barua yako ninayo hapa. Umesema shemeji amekataa kutoa neno, anasema kwetu mtoto ana mjomba wake na mjomba ndiye anayeamua. Na wewe umesema, "Uko naye, unaiona hiyo bunduki kwa macho yako, amua wewe, nasi tutakubali." Dada, nilijisikia mkubwa siku hiyo. Halafu nikajisikia mzito. Mimi ni mtu wa darasa la nne, kazi yangu ni kubeba, nimezoea kuamua gunia gani litangulie. Nilizunguka na jambo hilo siku kadhaa, na Sofia kila asubuhi ananitazama usoni aone kama jibu limefika.

Nikasema basi, njia ya kujua ni kuijaribu. Ijumaa asubuhi nikaifunga bunduki ndani ya gunia tupu, nikaenda nayo kazini.

Tulipopumzika tukakusanyika nyuma ya lori, makuli wote wa zamu yetu. Kwanza nikapiga gunia la viazi kwa karibu. Punje ikadunda, ikaanguka. Mmoja akasema gunia halisikii maumivu, mpige mtu. Nikavua shati nikamwambia Shomari anipige begani. Akasema siku hiyo ameiombea maisha yake yote, kumpiga Mmwera risasi bila kufungwa. Akafyatua. Dada, sikusikia kitu. Nilisikia mlio tu, kama mtu kafungua kizibo cha soda.

Shomari naye akatoa bega lake.

"Haya, mtani, lipiza. Piga hapohapo ninapobebea shida zenu Wamwera."

Nikapiga. Akageuka nyuma, akauliza, "Umeshapiga au bado unaomba ruhusa kwa mkeo?"

Watu wakacheka, na kila mmoja akataka apigwe. Tulipanga foleni kama ya wifi yako. Bega hili, bega lile, hakuna aliyesema uh. Mmoja akasema mbu wa Jangwani ana nguvu zaidi. Mwingine akasema hiyo siyo bunduki, hiyo ni kikohozi cha shemeji yako. Samahani, hilo mwambie shemeji taratibu. Mwisho tukakubaliana wote, kama wazee wa baraza, kwamba chombo hiki hakina madhara. Nilifurahi sana. Niliona nimeamua kama anavyopaswa kuamua mjomba, kwa kujaribu kwenye mwili wangu mwenyewe kwanza.

Shomari alikuwa anatoka mapema, akafunge mzigo wake na kuwahi swala ya Ijumaa kabla ya lori. Nikampa bunduki ampelekee Sofia, ambaye siku hizi yuko likizo. Nikasema mwambie mjomba ameruhusu, lakini asilenge mtu, alenge kopo. Shomari akaiweka begani akaondoka anapiga gwaride katikati ya wauza mchicha, na watu wanamshangilia.

Saa ya kula tukaenda kwa Zena. Huyu Zena ni mama anayetupikia, ana meko yake pembeni ya soko, na kila asubuhi huenda Feri kuchukua samaki. Alikuwa ameinama anaparua vibua, na sisi bado tunacheka habari za bunduki. Akauliza kwani mmepata nini leo. Tukamsimulia. Akasikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso.

"Mlipiga wapi?" akauliza.

"Begani," nikasema.

"Bega la nani?"

"La kwangu. Na la huyu, na la yule. Wote hapa. Haiumi, mama Zena, kabisa."

Akaweka kisu chini, akatutazama mmoja mmoja.

"Na macho yenu nayo yana sugu?"

Mmoja wetu akasema, mama, nani kasema habari ya macho, mtoto ataambiwa alenge kopo. Zena akamjibu, "Na hiyo punje ikishagonga kopo inakwenda wapi? Inakaa chini inakunywa chai?"

Nilikuwa na punje moja mfukoni, ilibaki. Nikaitoa nimwonyeshe ilivyo ndogo, nikidhani nitamshinda kwa hilo. Akaichukua. Akachukua kibua mmoja, akaiweka punje juu ya jicho la samaki, akabonyeza kwa kidole gumba. Hakutumia nguvu, dada. Alibonyeza kama mtu anayebonyeza unga aone kama umeumuka. Ikazama yote.

"Hiki ni kidole changu," akasema. "Hakina springi."

Mimi nilitazama mabega ya wenzangu pale kwenye benchi, meusi, yamekakamaa, yana makovu, na la kwangu hivyohivyo, miaka yote hii ya kubeba. Ningeweza kulichoma na sindano nisijue. Nilikuwa nimempimia mtoto usalama wake kwa ngozi ya punda.

Sikumaliza chakula. Niliondoka mbio. Na hapo ndipo msimamizi aliponiona, akaniita kwamba kuna gunia langu nililoliegemeza ukutani mwa ngazi, limeanguka na kuziba njia, akina mama wanashindwa kupita. Nilimsikia vizuri. Sikugeuka. Hilo nimeshalijibu jana, alinifokea mpaka akachoka, yamekwisha.

Kutoka sokoni mpaka nyumbani si mbali, unapajua. Lakini siku ile mtaa ulirefuka. Nilimgonga muuza kahawa, nikaruka mfereji, mtu akapiga kelele ya mwizi akiniona ninakimbia, nikampita. Na njia nzima nilikuwa naona ule mwaka Sofia alipougua surua, wewe umekaa mlangoni unamkamulia maji ya chumvi kwenye macho kwa pamba, usiku na mchana, na yule mama mkunga wa misheni amekwambia ujiandae, labda hataona tena. Yalipofunguka na akafuata mwanga wa kibatari, wewe ulilala siku mbili kama mtu aliyepigwa. Nilikuwepo. Nilikuwa najiuliza nitakuandikia nini. Nitaanzaje barua. Nitaweka "Mpendwa dada" halafu niweke nini.

Nikaingia uani.

Dada, watoto wote wa nyumba walikuwa wamesimama duara, kimya. Bunduki iko chini kwenye mchanga. Sofia ameinama katikati, mkono wake umefunika jicho la kushoto, na Saadiya, mjukuu wa Mzee Ubeid, amemshika kichwa kwa nyuma kama anamzuia asianguke.

Nilipiga magoti palepale mlangoni, nikatoa sauti ambayo sijui ilikuwa ya namna gani, maana kuku walikimbia. Na wakati huohuo Shomari akatokea chumbani kwake na mfuko begani, anatazama huku, anatazama kule, na nje lori linapiga honi maana limekuja kumchukua. Aliniona mimi chini, akamwona mtoto na mkono jichoni. Akasema, "Pole mtani, pole sana, nitawaeleza nyumbani," machozi yanamtoka, akatoka mbio. Nilipopata sauti ya kumwita, lori lilikuwa limeshakata kona.

Kwa hiyo sasa unaelewa anakuja na habari gani.

Mimi nikatambaa mpaka kwa mtoto. Haya ndiyo maneno tuliyosema, nayakumbuka yote.

"Sofia, toa mkono."

"Nikitoa litafumbuka, mjomba."

"Nini kitafumbuka?"

"Jicho. Wanajeshi wanafumba moja wakilenga. Mimi nikifumba moja yanafumba yote, sioni kopo."

Saadiya akadakia, "Huyu hafundishiki, mjomba. Tangu Shomari alete bunduki tuko hapa. Nimemfunga kitambaa amekitoa, anasema kinamwasha. Sisi wote tunangoja zamu yetu, na yeye hajapiga hata moja."

Hajapiga hata moja. Nilimwomba Saadiya arudie.

Nikautoa mkono wa Sofia. Nikafungua kope kwa vidole, la kushoto, la kulia, kama daktari. Nikamwonyesha vidole aseme ni vingapi. Akasema, "Vitatu, na vyote vina udongo wa viazi." Nikamkumbatia, dada, mpaka akalalamika namnukia vitunguu. Nikakaa kwenye mchanga nikacheka peke yangu, na watoto wakanitazama kama mtu aliyepungukiwa. Sijawahi kufurahi namna ile tangu nifike mji huu. Mwanao hajui kukonyeza, na hilo ndilo lililomwokoa kabla sijafika. Usimcheke akija. Mimi nalishukuru.

Furaha ilipopungua ikaja kazi yenyewe. Nikaokota bunduki, nikamwambia sitampa tena. Hapo ndipo alipolia, kwa hasira hasa. Akasema, "Ulisema umeijaribu. Shomari ameniambia umeijaribu mwilini mwako na haiumi. Ulikuwa unanidanganya?"

Nikavua shati. Nikachukua vidole vyake nikaviweka begani kwangu, nikamwambia abonyeze. Akabonyeza. Akasema, "Ni kama unyayo." Nikamwambia afumbe macho, yote mawili, maana hilo analiweza, nikachukua vidole vilevile nikaviweka juu ya kope lake mwenyewe, taratibu.

"Linatikisika," akasema.

Nikamwambia basi, mimi nilijaribu hapa, nikasahau hapo. Hakuidai tena siku ile.

Wifi yako alirudi na sukari yake kwenye kitambaa, akasimuliwa. Unajua ulimi wa Anaeli. Akasema, "Makuli wote wale, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kumwuliza mtu mwenye ngozi." Anarudia maneno hayo kila akinipa chai.

Likabaki la Mzee Ubeid, na hilo lilinisumbua kuliko msimamizi. Zawadi ya mtu huirudishi, na mzee huyu ametufadhili. Barua zangu zote zinapitia dukani kwake, na siku ambazo sina kitu ananiuzia chumvi nami nalipa nikipata. Niliogopa ataona nimemdharau, au nimesema alitaka kumuumiza mtoto. Jana jioni nikamwendea na bunduki, nikamwamkia, nikaanza kuzunguka na maneno. Akanikata.

"Filbert, sema. Wewe ukibeba gunia huzunguki nalo hivi."

Nikasema. Nikamwekea punje mkononi. Akaipapasa muda mrefu kwa vidole, kisha akaguna.

"Hii ndiyo inayotoka?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nilidhani ni kizibo. Zamani sisi tulichezea za kizibo na uzi, kinatoka kinarudi. Abdulla hakuniambia, na mimi siioni." Halafu akasema, "Sasa nimpe mtoto kitu cha kumtoa jicho, halafu gazeti nisomewe na nani? Na wewe?"

Nikasema mimi sisomi haraka namna hiyo. Akasema anajua, aliwahi kunijaribu. Tukacheka, na mzigo huo ukatua.

Akamwita fundi wa majiko aliye barazani hapo mbele, naye akaifungua bunduki kwa bisibisi, akatoa springi yote. Ameichukua, anasema itafaa kitu. Sasa ukifyatua inalia kidogo tu, kama mlango wa kabati, na hakitoki kitu hata ukiijaza punje. Hivyo ilivyo nimemruhusu Sofia aichezee, lakini ndani ya ua. Barabarani nimemkataza. Kwa mbali ile ni bunduki kabisa, na watu wa mgambo wakipita na doria yao sitaki waanze kuulizana. Huo ndio uamuzi wangu wa mjomba, dada, wa pili, na wa kwanza naomba mnisamehe. Kama shemeji ana neno aniandikie, nitalipokea.

Punje nimezikusanya zote. Sofia na Saadiya wamechimba vishimo mchangani wanazichezea bao. Saadiya anamfunga kila mara, na leo asubuhi niliwasikia wakigombana kwa sauti kubwa kuhusu nani kaficha kete. Nilikaa kitandani nikawasikiliza. Zamani kelele hizo Jumapili zilikuwa zinaniudhi.

Zena nilimpelekea habari siku ileile, nilirudi sokoni kwa sababu hiyo. Alishusha pumzi, akasema "Alhamdulillahi," kisha akaniletea sahani yangu. Alikuwa ameifunika. Kibua yule mwenye punje alinipa mimi, akasema ndiye wangu.

Mambo mengine ni haya. Kwa Severine nimetuma mche wa sabuni na kanga ya mama, chagua wewe umpe au umsubirishe mpaka sikukuu. Sofia shuleni anaendelea vizuri, mwalimu wake amesema anasoma kwa sauti kuliko wenzake, nadhani ni kwa ajili ya Mzee Ubeid ambaye masikio nayo yameanza kumsaliti. Atakuja kwenu likizo ya Desemba kama barabara itapitika kabla ya mvua. Nami nikipata ruhusa nitamleta mwenyewe.

Kuhusu Shomari nakuomba ufanye hivi. Akifika, mkaribishe vizuri, mpe maji, mwache asimulie mpaka mwisho, na mama awepo asikie lakini awe ameshajua. Asikatizwe. Najua atasimulia vizuri, kutakuwa na damu. Akimaliza, muulize ni jicho lipi. Atakapotaja moja, mnyang'anye kofia yake mpya, ile ya kufuma anayojivunia, na msimrudishie mpaka aje aombe kwa Wamwera wote wa kijiji. Ni mtani, hana pa kushitaki. Lakini dada, mpe chakula kizuri pia. Hakusema uongo, alisema alichokiona, na machozi nayaamini yalikuwa ya kweli. Alimbeba Sofia mgongoni siku ya kwanza mtoto alipofika mjini na miguu imevimba kwa safari.

Nisalimie mama sana, mwambie goti alipake yale mafuta ya nyonyo asiyafungie sandukuni. Nisalimie shemeji Benjamini na kikohozi chake. Nisalimie watoto wote, na balozi wa nyumba kumi, na yeyote anayeniulizia. Anaeli na Mzee Ubeid wanawasalimu, na Zena pia, ingawa hamjaonana. Alisema nikuandikie kwamba mwanao ana kope nzuri.

Mungu aliyemlinda mtoto hapa kabla sijafika, awalinde na ninyi huko nisikoweza kufika kwa mbio. Mlale salama, mwamke salama.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Filbert

Mama shikamoo. Hapa ninaandika mimi Sofia mwenyewe. Mjomba amesema niandike ili uone kwamba mistari haijapinda. Macho yangu hayana kitu. Bunduki yangu haitoi kitu lakini naipenda. Bado siwezi kufumba jicho moja. Saadiya anasema labda nimerithi kwako. Jaribu mama, halafu uniambie.